Karani, Vitone vya Mafuta na Birika Langu

Mjukuu wangu tunamwita Karani, na jina hilo hakupewa na mtu. Alijipatia mwenyewe akiwa na miaka mitano. Mama yake alimtuma dukani kununua chumvi, akarudi na chumvi pamoja na kipande cha boksi alichokiandika kwa mkaa: vijiti mia mbili na kumi vya hatua za kwenda, mia mbili na kumi na tisa vya kurudi. Tukamuuliza vile tisa vimetoka wapi.

"Nilimkwepa mbwa," akasema.

Watoto wengine wakipigwa huja wanalia. Huyu alikuja na orodha: nani kampiga, mara ngapi, kwa mkono upi, na nani alikuwa anaangalia.

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba yaliyompata yalimpata kwa uzembe. Mzembe hukosea kila siku na wala hajui. Karani alikosea mara moja tu tangu azaliwe, na katika kosa hilo mimi bibi yake nilikuwemo, mdomo na vyote.

Maabara aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwosha chupa, miaka sita. Chupa alizoosha huyu mtoto, ungezipanga moja juu ya nyingine, ya mwisho ingegonga mwezi na mwezi ungefungua dirisha kuuliza nani anabisha. Naapa. Watu wa mtaani kwetu hawapokei viapo vyangu siku hizi, lakini naapa hivyohivyo. Na kila chupa aliiandika. Siku moja Profesa wa pale, mama mmoja mrefu mwenye miwani inayoning'inia kifuani kama kengele ya mbuzi, akawa analalamika kwamba seli zake zinakufa kila Jumatatu. Karani akajifuta mikono, akatoa daftari.

"Jumatatu ndiyo siku tunayofungua sabuni mpya," akasema. "Ina povu gumu. Nasuuza mara nne halitoki. Nimeandika."

Basi, kutoka siku hiyo akavuliwa aproni akavishwa koti jeupe, akapewa meza yake. Aliporudi nyumbani aliipima meza kwa maneno mbele yangu, urefu, upana, na mkwaruzo mmoja pembeni. Sijawahi kuona mtu anaipenda meza namna ile. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka thelathini na nane na sikumpenda babu yake kwa vipimo hivyo.

Kazi yenyewe alinieleza mara kumi na moja. Ameandika. Mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo, kwa hiyo nitakueleza kama nilivyoelewa mara ya kumi na moja.

Mwili, anasema, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana. Kila chumba kina ngozi, na ngozi hiyo ni ya mafuta. Jeni nayo ni maagizo, kama barua ndefu iliyokunjwa. Kuna watu wanaougua kwa sababu barua fulani haimo ndani ya vyumba vyao, au imo lakini imeandikwa vibaya. Ukiitupa barua mpya hivihivi, chumba hakifungui. Lakini ukiifunga ndani ya kitone cha mafuta, ile ngozi inadhani ndugu yake amerudi safari. Inamkumbatia, inamwingiza ndani.

"Basi kazi imekwisha," nikamwambia mara ya kwanza.

"Hapo ndipo inapoanza, Bibi. Akishaingia anawekwa sebuleni, mlango unafungwa."

"Si ndiyo heshima ya mgeni?"

"Hii sebule inayeyusha watu."

Nikaelewa. Nimewahi kwenda kwa watu wenye sebule hiyo. Kwa hiyo mafuta mazuri si yale yanayojua kuingia tu. Ni yale yanayojua kuingia, halafu yakapasua mlango wa sebule na kufika jikoni barua ikiwa nzima, kwa sababu jikoni ndiko maagizo yanakosomwa na kupikwa. Wakubwa kote duniani wanahangaika na jambo hilo, na Karani wetu naye anahangaika nalo kwenye meza yake yenye mkwaruzo.

Ili wajue barua imefika, wanatumia kwanza jeni moja isiyo na kazi nyingine ila kuifanya seli ing'ae kijani ukiitazama kwa hadubini. Unahesabu katika kila seli mia ngapi zimewaka. Profesa alikuwa ametengeneza mafuta mapya, miezi mitatu ya jasho, yakatoka machache, yamefungwa kwenye vichupa vya ukubwa wa kidole cha mwisho. Karani ndiye aliyepewa kuyajaribu. Unachanganya mafuta na jeni, unangoja dakika tano, unadondoshea seli, unazirudisha kwenye kabati la joto, unakuja kuhesabu baada ya siku mbili. Kila mara zikawaka kumi na mbili. Kumi na mbili si haba, alisema, ila kwa kumi na mbili humponyi mtu.

Halafu ikaja Jumanne moja. Alichanganya kama kawaida, Alhamisi akahesabu, akapata arobaini na moja.

Akahesabu tena. Arobaini na moja. Akaenda kumwita Profesa, Profesa akavaa miwani, akahesabu, akaivua, akaifuta, akahesabu tena. Siku hiyo Karani alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba yai kichwani.

Furaha ya maskini haina kitako. Aliporudia, kumi na mbili. Akarudia, kumi na moja. Wiki tatu, mara saba, na ile arobaini na moja haikuonekana tena hata kivuli. Alibadilisha maji, akapima joto la kabati, akaangalia seli zina umri gani, akavaa hata soksi za Jumanne ile, maana alikuwa ameziandika. Wapi.

Pale kazini kuna kijana wa makamo wanayemwita Bwana Mashine. Si mtu mbaya, ila anaamini kwamba mkono wa binadamu uliumbwa kwa kubonyeza vitufe tu. Alikuwa na mashine yake ya kuchanganyia, imekaa koridoni ndani ya boksi, inasubiri meza.

"Dada Karani," akamwambia, "hata saa iliyokufa hupatia mara mbili kwa siku. Wewe umepatia mara moja."

Profesa naye hakuwa na njia. Akamwita ofisini akamwambia polepole, na polepole ya wakubwa ndiyo inayotisha. Vichupa vimebaki vitatu. Ijumaa, si ya wiki ijayo, ile inayofuata, Karani atachanganya mbele ya macho yake. Zikiwaka thelathini au zaidi, wanaendelea na mafuta haya. Zisipofika, mafuta yanawekwa kando, meza inachukuliwa na mashine, na yeye Karani, bahati nzuri, kule kwenye kuosha chupa bado kuna nafasi.

Jumapili asubuhi tulikuwa jikoni kwangu, kwa sababu tunakaa nyumba moja mimi na yeye. Nachambua maharage, yeye anasoma daftari kwa sauti, ukurasa wa Jumanne ile, labda mara ya hamsini.

"Saa nne na dakika mbili, nimevaa glavu. Saa nne na dakika nne, nimetoa kichupa kwenye friji. Saa nne na dakika saba, nimepiga chafya, nje ya kabati, upande wa kushoto. Saa nne na dakika tisa, nimechanganya. Nimengoja dakika tano. Nimedondoshea seli."

"Na mimi?" nikauliza.

"Na wewe nini, Bibi?"

"Niko ukurasa gani? Chafya imeandikwa, imepewa na upande. Mimi sijaandikwa."

"Hili ni daftari la kazi, Bibi."

"Na Jumanne ile si ulipokea simu yangu? Ukacheka mpaka ukaniambia, Bibi ngoja kidogo, mkono unatetemeka, siwezi kushika pipeti ya kudondoshea."

Akarudi kwenye mstari wa dakika tano, akauwekea kidole, akausoma upya. Nimemlea huyu, najua kusoma kwake kwa aina zote. Hii ilikuwa mpya.

Lazima uelewe jambo moja. Mlango wa chumba cha seli umebandikwa karatasi: SIMU HAZIRUHUSIWI HUMU NDANI. Simu ni chafu, ina vijidudu vingi kuliko choo cha stendi, na seli zikipata vijidudu zinaoza. Aliyeiandika karatasi ile, akaipigia mstari mara mbili, akaifunika kwa plastiki isilowe, ni Karani mwenyewe. Jumanne ile mimi nilikuwa nimempigia mara nne tangu asubuhi, akaogopa labda naumwa, akaingia na simu mfukoni na kile kisikilizio sikioni. Nikapiga mara ya tano, ndiyo kwanza amechanganya, akapokea. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekumbuka hadithi.

Alipomaliza kucheka mkono ukatulia, akadondoshea seli mbiombio, na alipofika kwenye daftari ikambidi achague. Akiandika muda wa kweli, ataandika na sababu. Akiandika sababu, itambidi ajishtaki kwa mwandiko wake uleule wa mlangoni. Akaandika dakika tano, kama siku zote. Uongo wa maneno matatu. Halafu, kama wanavyofanya waongo wapya, akausahau. Sisi wazoefu hatusahau wetu.

"Tulizungumza kwa muda gani?" akaniuliza.

Hapo nami nikakosea. Jinsi alivyouliza nilidhani ni kesi. Kwa miaka arobaini watu wa nyumba hii wananisema kwamba mdomo wangu hauna breki.

"Dakika nane," nikasema. "Mimi si mtu wa maneno mengi."

Akatazama kwenye simu yake. Simu yenyewe inakumbuka simu mia za mwisho tu, na tangu siku ile mimi peke yangu nilikuwa nimeshapita mia. Akawapigia watu wa kampuni, wakamwambia alete barua ya polisi. Basi shahidi nikabaki mimi.

Jumatatu akatumia kichupa cha kwanza, akangoja dakika nane. Jumatano akahesabu kumi na tano.

Akaja nyumbani macho yanang'aa. "Bibi, imepanda. Kumi na mbili imekuwa kumi na tano. Ni muda. Lakini haikuwa dakika nane, umenipunja. Niambie ukweli, mke mwenzangu."

Mke mwenzangu ndilo tunaloitana tukiwa na mambo. Na mimi sasa nikaona kumbe kuzungumza sana ni sifa. Hapo mtu kama mimi huwezi kumshika.

"Saa nzima," nikasema. "Si nilikusimulia ile ya barua ndani ya donge la mafuta? Ile ikisimuliwa vizuri ni saa nzima. Na nilisimulia vizuri."

"Saa nzima, Bibi? Una hakika?"

"Kama ninavyokuona."

Mtu mwenye hekima angejiuliza mimi huwa naonaje. Karani alinipenda tu akaamini. Jumatatu iliyofuata akatumia kichupa cha pili, akangoja saa nzima kwenye kiti akitazama mchanganyiko. Kufika dakika ya arobaini, anasema, mafuta yalikuwa yameanza kushikana madonge, kama uji ulioachwa na mpishi aliyeitwa mlangoni. Akadondoshea hivyohivyo. Jumatano akahesabu tatu. Nyingine zilikuwa zimekufa.

Sikuambiwa tatu. Niliiona. Alirudi Alhamisi mapema, saa tisa mchana, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, daftari liko mapajani, na kalamu imefungwa kifuniko. Nikamsubiri aandike. Nikadondosha mwiko makusudi. Enzi zake angeandika: saa tisa na kitu, Bibi kadondosha mwiko. Hakufungua kalamu.

Nimezika mume, nimeona mafuriko, nimefukuzwa na bata mzinga watatu kwa mpigo, wa nne akiwaelekeza njia. Hakuna kilichonitisha kama kalamu ile iliyofungwa.

"Karani," nikasema, "nilikudanganya."

"Lini?"

"Mara zote mbili. Sijui tulizungumza kwa muda gani. Sikuangalia saa. Mimi nikisimulia siangalii hata jiko."

Akainua kichwa. "Hata jiko?"

Na hapo, kwa kusema ukweli mara moja tu, bahati ikanifuata mbio. Kwa sababu jiko nilikuwa nimeliangalia. Jumanne ile mafundi bomba wanne walikuwa wanachimba uani kutafuta mahali maji yanapovuja. Nikawabandikia maji ya chai kwenye birika kubwa, la kwenye kabati la juu, nikalijaza mpaka mdomoni. Na mimi nina tabia moja, utaitafutia jina wewe: nikibandika birika nachukua simu, birika likichemka nakata. Siku zote ni birika dogo, ndiyo maana siku ile ikaonekana nimepitiliza. Sikupitiliza. Birika ndilo lililokuwa kubwa.

Karani alikuwa ameshasimama kabla sijamaliza, mkono umo kabatini. Tukajaza birika mpaka mdomoni, bomba lilelile, jiko lilelile la gesi, moto wa mwisho. Akakaa mbele yake na saa kama mtu anayemsubiri mtoto azaliwe. Likapuliza mvuke: dakika ishirini na mbili. Jirani yoyote angetosheka. Huyu alimwaga maji, akalipoza, akarudia: ishirini na moja. Akalipoza akarudia: ishirini na mbili. Maji moto tuliyokuwa nayo siku hiyo tungeweza kunyoa mbuzi wa wilaya nzima. Kisha akafungua kalamu.

Akaifunga tena.

"Nikiandika dakika ishirini na mbili, Profesa atauliza zimetoka wapi."

"Hilo niachie mimi," nikasema, nikaanza kupanga vidole. "Mwambie umeota. Au mwambie saa ya ukutani ilisimama, ikaanza kwenda tena yenyewe. Au mwambie kipanya."

"Kipanya gani?"

"Kipanya tutakijenga."

Akacheka kidogo, lakini akatikisa kichwa. "Bibi, uongo umeshakula vichupa viwili. Nimebakiwa na kimoja, sina cha kuulisha."

Nikavikunja vile vidole. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilikuwa nimesimama mwisho wake nikiwa na birika mkononi.

Ijumaa nilikwenda naye. Alisema Profesa akiuliza, shahidi awepo. Walinivisha koti jeupe lililonifika kwenye vifundo vya miguu, wakaniweka kwenye kiti nje ya chumba cha seli, kwenye kioo chenye kijidirisha cha kusemea. Karani akasimama mbele ya Profesa na Bwana Mashine, akasema yote, kuanzia simu ya kwanza mpaka birika la tatu. Hakuacha kitu. Alitaja hata kipanya.

Profesa akaigeukia karatasi ya mlangoni. "Hii kanuni aliandika nani?"

"Mimi, Profesa."

"Na aliyeivunja?"

"Mimi."

"Na dakika tano za daftarini?"

"Mimi. Nimezikata kwa wino mwekundu, nimeandika pembeni."

Profesa akalichukua daftari, akasoma pembeni kwa muda mrefu. Kisha akalirudisha. "Changanya," akasema.

Saa nne kamili akachanganya kichupa cha mwisho. Kwenye kioo cha saa ya ukutani alikuwa ameshatia alama nyekundu pale mshale mrefu unapotakiwa kufika. Bwana Mashine naye akashika saa yake ya kubonyeza, kifua mbele, yeye ndiye mhakiki.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Dakika ya tatu wote walikuwa wameshachoka kutazama kichupa ambacho hakifanyi kitu. Profesa akaniinamia kwenye kijidirisha. "Bibi, hadithi yenyewe ilikuwa gani?"

Nikamtazama Karani. Akasema, "Simulia tu, Bibi. Lakini."

Ile "lakini" niliielewa yote.

Nikaanza. Nilikuwa msichana, babu yake Karani ni kijana mwenye masikio makubwa, tunapendana, na mama yake hataki hata kunisikia. Kila kinachoingia nyumba ile mama anakipekua, hata mkate anaukata katikati. Nami nilikuwa na barua ya kumtumia kijana, niliyoandikiwa na binti wa fundi cherehani. Nikaizungushia karatasi ya nta, nikaifinyanga ndani ya donge la mafuta ya kupikia, nikatuma kama zawadi.

"Donge la ukubwa gani?" Bwana Mashine akauliza.

Karani anasema siku ile ya simu lilikuwa kama yai. Mbele ya Profesa nikaona aibu kutaja yai. Nikasema kama gurudumu la lori, likavingirishwa na wanaume wawili. Mama akalipokea, akalinusa, akalisifu, akalipitisha mwenyewe mlangoni kwa mikono yake miwili. Profesa akaanza kutikisika mabega. Mama akalikata kipande akakitia kikaangoni, mafuta yakaanza kuyeyuka, na mimi niko nyuma ya ukuta nimepanda juu ya punda ili nichungulie, na punda yule alikuwa na kwikwi. Bwana Mashine akajishika mbavu. Profesa alikuwa ameshavua miwani. Hata Karani ndani ya kioo alikuwa ameuma mdomo, glavu zinacheza. Barua ikaibuka kikaangoni inaelea. Mama akaiona. Yeye naye, kama mimi, shule aliiona kwa nje. Akageuka akaita, mwanangu, njoo unisomee huyu samaki gani.

Nikaitazama saa. Mshale ulikuwa umebakiza dakika mbili kufika kwenye wekundu. Bwana Mashine, mhakiki, alikuwa ameinama, saa yake inaangalia sakafu. Na mkono wa Karani ulikuwa unatetemeka kama ule wa Jumanne.

Mimi hadithi sijawahi kuikata. Nimesimulia kwenye foleni ya hospitali mpaka daktari akatoka kunisikiliza. Nimesimulia meno yakiniuma. Na hapa ndipo patamu penyewe, yaliyobaki ni kufungua mdomo tu. Nikaufunga.

"Kisha?" Bwana Mashine akasema.

Nikatazama ukutani.

"Bibi, kisha? Akasomaje?"

Nikajikuna goti. Kicheko kikitafuta pa kwenda kisipapate, kinazimika. Kikazimika. Glavu za Karani zikatulia, kidole kwa kidole. Mshale ukagusa wekundu, akainua pipeti, akadondoshea seli tone baada ya tone, mkono hauna wasiwasi hata wa nywele.

Jumapili sikwenda. Niliambiwa wataingia watatu wahesabu kila mtu peke yake, wasiambiane. Nikabaki jikoni kuchambua maharage niliyokwisha kuyachambua. Karibu na saa sita nikasikia viatu vya watu wawili. Mlango ukafunguka, wa kwanza kuingia ni Bwana Mashine, Karani nyuma yake, uso wake kaufunga kama duka la Jumapili. Huyo kajifunzia kwangu.

"Shikamoo Bibi," Bwana Mashine akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mwisho wa hadithi. Tangu Ijumaa sijala vizuri."

"Marahaba. Mwisho ninao," nikasema. "Wewe una nini?"

Akamtazama Karani. "Ameniapisha nisiseme mimi."

"Basi nami nimeapishwa."

Akahangaika kidogo, akavuta kigoda, akasimama tena. "Profesa kahesabu thelathini na tisa," akasema haraka. "Mimi arobaini. Yeye arobaini na moja. Mashine inarudi koridoni. Haya, akasomaje?"

Karani akakaa chini kwenye sakafu ya jikoni, na koti lake jeupe, akaegemea kabati, akafumba macho. Meza ni yake. Nikambandikia chai kwanza, birika dogo, ndipo nikammalizia mgeni wake. Babu alikuja, akaichukua barua kikaangoni kwa uma, mimi nimemwandikia tukutane Jumamosi saa kumi, naye akaisoma bila kucheka: inasema haya ni mafuta ya kwanza, ya pili yanakuja Jumamosi saa kumi, mama mwenye nyumba asibanduke mlangoni. Jumamosi mama akakaa mlangoni kungoja mafuta, na mwanawe akatokea mlango wa nyuma, nikamkuta na masikio yake yote.

"Na mafuta ya pili?"

"Aliyangoja mpaka siku ya harusi."

Profesa ameeleza sababu, Karani akanieleza mara sita tu, nimeendelea. Mafuta yale na jeni yakikutana hayako tayari papo hapo; yanahitaji muda wa kujipanga vizuri kabla ya kwenda kubisha hodi. Mapema mno, hayajajipanga, yanakwama sebuleni. Yakichelewa yanashikana madonge. Ile karatasi ya mlangoni bado ipo, na chini yake Karani ameongeza mstari: PAMOJA NA BIBI. Wamenunua saa ya jikoni, ya kupiga kengele, nyekundu, imeumbwa kama nyanya. Sisemi kitu juu yake. Mimi napiga simu saa saba mchana, akiwa nje anakula, na birika dogo.

Na kwenye daftari nimo. Alinionyesha kwa kidole: kungoja dakika ishirini na mbili, chanzo, birika la Bibi, kubwa, limejazwa mpaka mdomoni.

Majirani nao nimewasimulia. Nimewaambia ziliwaka tisini na tisa katika mia, mwanga wa kijani ukapita chini ya mlango, mlinzi akadhani moto, akaita gari la zimamoto, na wazima moto walipofika wakavaa miwani ya jua.

"Arobaini na moja, Bibi," Karani anasema kutoka chumbani, hata hajainua kichwa.

"Arobaini na moja," nasema.

Akishakwenda kazini, namalizia ile ya wazima moto.